Tunauziwa mchanga wa pwani kwa jina la udongo wa bonsai, hadi lini?

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, wapenzi wa bonsai, yaani miti inayolelewa midogo ndani ya vyungu, assalamu alaykum. Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Hapa mjini kuna muuza miche anayeuza mfuko wa kilo 10 kwa shilingi 30,000, umebandikwa karatasi iliyoandikwa "udongo maalumu wa bonsai", na ndani yake hamna chochote ila mchanga wa pwani, chenga za kokoto za matumbawe na udongo mweusi kidogo wa kupotezea rangi. Niliupandia mdimu nilioulea tangu ukiwa mche. Majani machanga yalianza kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kisha ncha zikaungua, kisha matawi yakakauka moja baada ya jingine.

Nilipomwendea muuzaji, alinijibu mbele ya wateja wengine kwamba mkono wangu ni mzito na kwamba simwagilii inavyotakiwa. Nikarudi nyumbani nikachukua konzi moja ya udongo uliobaki mfukoni, nikautia ndani ya bilauri ya maji safi, nikakoroga na kuuacha utuame. Maji yale niliyaonja kwa ncha ya ulimi, yakawa ya chumvi. Kisha nilizianika zile chenga, zilipokauka nikazidondoshea siki, na papo hapo zikachemka mapovu. Jiwe linalochemka kwa siki ni jiwe la chokaa, na chokaa ikizidi kwenye udongo, madini ya chuma hufungika na mizizi haiwezi kuyafyonza hata yakiwamo. Manjano yale ya majani machanga ndiyo dalili yake. Mkwaju huenda ungestahimili kwa muda, lakini mdimu, kama miti mingi ya jamii ya michungwa, husumbuliwa na chokaa nyingi na chumvi, na mtu anayefanya biashara ya miche anapaswa kulijua hilo kuliko mimi mnunuzi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vumbi halikuchekechwa. Chungu cha bonsai ni kifupi, na kadiri chungu kinavyokuwa kifupi ndivyo sehemu kubwa ya udongo wake inavyobaki imelowa baada ya kumwagilia, kwa sababu maji ya chini hayashuki yote hata tundu likiwa wazi. Ndiyo maana tunahitaji chembe za ukubwa wa milimita 2 hadi 6, zenye nafasi ya hewa baina yake. Vumbi huziba nafasi hizo, na mvua za masika zikianza kumiminika mwezi wa Aprili, mizizi hukosa pumzi na kuoza.

Wapo pia wale wanaowaambia wageni wa fani hii kwamba bila akadama hakuna bonsai. Akadama ni udongo wa majivu ya volkano unaochimbwa Japani, na Wajapani huutumia kwa sababu uko kwao. Hata wao wanajua kwamba baada ya miaka michache chembe zake humong'onyoka na kuwa tope. Kumwambia kijana wa Wete au Makunduchi aagize udongo kutoka Japani ni kumfukuza katika fani kwa maneno ya heshima.

Vitu vya bei nafuu tunavyo. Vigae vya mitungi, vyungu na vyetezo vilivyovunjika hutupwa kila siku. Ukivitwanga na kuvichekecha, unapata chembe zinazoshika maji kiasi na kupitisha hewa vizuri. Ila si vyote vinavyofaa, kwa maana vingine vimechomwa kwa moto hafifu. Vilaze majini usiku kucha, na asubuhi kinachosagika kwa vidole kitupe. Vigae vya kuezekea paa ni imara zaidi, lakini vikwangue chokaa ya ujenzi iliyogandia, la sivyo utarudi kwenye balaa lile lile. Wauza makaa nao wana chenga wasizozihitaji. Zioshe majivu kwanza.

Makumbi ya nazi yanataka uangalifu mkubwa, kwani hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Usumba, yaani nyuzi za makumbi za kusokotea kamba, umefukiwa pwani miezi mingi na umelewa maji ya bahari, kwa hiyo usinunue mabaki yake ukidhani ni kitu safi. Chukua makumbi makavu ya shambani, yakate vipande vidogo, yaroweke kwenye maji baridi na uyabadilishe mara kadhaa hadi yasitoe rangi ya chai. Mimi huchanganya sehemu tatu za vigae, moja ya makumbi na nusu ya chenga za makaa. Kwa wenzetu wa Pemba, wanaopata mvua nyingi kuliko sisi, ningepunguza makumbi, na wakati wa kaskazi, chungu kinapokauka kabla ya magharibi, ningeyaongeza kidogo.

Kwa hiyo madai yangu kwa wauzaji ni haya. Andikeni juu ya mfuko kilichomo ndani, kwa majina yake, na mseme kama kimeoshwa na kuchekechwa. Mteja akirudi na bilauri yenye maji ya chumvi, mrudishieni fedha zake badala ya kumtukania mkono wake. Nanyi wanunuzi, ombeni kuona udongo kabla ya kulipa, na mwende na kichupa cha siki mfukoni. Muuzaji atakayekataa usidondoshewe tone moja, muacheni na mfuko wake.