Naomba ushauri: raiza (kipande cha kati cha upinde, chenye mpini) ya inchi 25 au 23?

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa nikitumia upinde wa mbao wa klabu, nguvu ya kuvuta ratili 24. Sasa nataka wangu, ule wa kufungua vipande, mfumo wa ILF (kipimo cha pamoja cha kupachika mikono kwenye raiza). Mvuto wangu, yaani urefu ninaovuta mshale, ni inchi 27 na nusu. Muuzaji anang'ang'ania raiza ya 25 na mikono (vipande vinavyopinda, juu na chini) ya urefu wa kati, upinde mzima uwe inchi 68. Mimi naona 23 yatosha. Saiti (kilengeo) na stabilaiza (fimbo za kutuliza upinde) sitaki, nalenga kwa jicho tu. Je, raiza nyepesi haitatikisika mkononi mwangu?

Halafu, nilipojaribu wa mwenzangu wa inchi 68, upote (kamba ya upinde) ulinichapa kigasha kikavimba. Tukapima upote hadi mpini: inchi 7 tu! Niusokote upote zaidi ili nafasi hiyo iongezeke, au kosa ni kiwiko changu?