Mtoto wa mtaani akiugua hapa Kampala, nimsaidieje?

Muuza chakula, Kisenyi:
Ndugu zangu, karibu na kibanda changu hulala watoto 8, wengi wao kutoka Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Juzi mmoja wao, mwenye umri wa miaka kama 12, alikuwa akitetemeka kwa homa huku kidonda cha mguuni kikitoa usaha. Nilimpeleka kituo kimoja cha serikali, tukaulizwa mzazi wake na daftari lake viko wapi, kisha tukaambiwa dawa zimekwisha, tukanunue nje. Je, matibabu si bure?

Muuguzi mstaafu:
Pole sana, dada yangu. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, na kukosa mzazi si sababu ya kumnyima mtoto huduma. Daftari ni la kuandikia matibabu tu: mnunulie, ulitunze wewe, maana kwake litaloa mvua. Homa ipimwe kwanza. Ikiwa ni malaria, dawa ya mseto humezwa mara 2 kila siku kwa siku 3, yaani jumla mara 6, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo; sasa mtoto anayelala barazani, asiyejua atakula saa ngapi, na ambaye vidonge vyake huweza kuibwa usiku, ataimalizaje dozi hiyo? Nimewaona wengi wakirudi na homa ileile, wakalaumiwa kwa uzembe, jambo lililoniumiza kila mara. Kuhusu kidonda, kisafishwe kituoni, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii:
Naongeza kwamba unaweza kupiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, ili afisa ustawi afuatilie. Lakini mweleze mtoto kabla hujapiga, kwa kuwa wengi wamewahi kukamatwa kwenye misako, na akimwona mgeni anayeuliza jina lake anaweza kukimbia na kidonda chake. Kama ananusa mafuta ya ndege (eropleni) ili alewe, ambayo wenzake humwambia yanaondoa njaa na baridi, mhudumu aambiwe bila kumwaibisha mtoto.

Muuza chakula, Kisenyi:
Asanteni. Mguu bado umevimba, kwa hiyo kesho alfajiri tutarudi kituoni kabla foleni haijawa ndefu. Amekubali vidonge nivitunze mimi, naye atakuja kibandani asubuhi na jioni, ale kwanza ndipo ameze.