Gari inakula maji na mshale wa joto unapanda: niipaki?

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi.

Nina kigari cha cc 1300. Wiki ya pili sasa kinakula maji: nikijaza rejeta asubuhi, jioni nusu lita haipo, na chini hakuna hata tone. Barabara ikiwa tupu mshale wa joto unatulia, ila kwenye foleni au kilima unapanda mpaka karibu na alama nyekundu. Jana nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta utando kama chai ya maziwa, yaani huenda maji yanaingia kwenye oili. Usingizi ukakata hapo hapo.

Fundi wa mtaani anasema tutoe themostati (ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta), gari itapoa yenyewe. Mwingine anasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake) imeungua, tufungue, hedi ikapimwe kama imepinda. Bei zao ni mbingu na ardhi, na mfuko wangu unampenda wa kwanza.

Jumamosi natakiwa msibani Iringa, na mlima Kitonga wa njiani, ule mkali wenye kona, mnaujua. Nikibeba madumu ya maji nitafika, au ndiyo naua injini? Na nitahakikishaje kuwa ni gasketi kabla sijakubali ifunguliwe?

Msinicheke kwa kuchelewa, ada za shule zilinibana.