Mrejesho: dhahabu ya dada yangu aliyeolewa Gujarat

Wakuu, niliwauliza kama mama mkwe wa dada yangu ana haki ya kuishikilia dhahabu yake ya harusi baada ya ndoa kuvunjika. Asanteni sana mlionijibu.

Wakili wa Ahmedabad ametuthibitishia: kwa sheria ya Wahindu kule India, vito na zawadi alizopewa bibi harusi, ziwe zimetoka kwao au ukweni, ni stridhan, mali yake peke yake. Mume si mmiliki mwenza. Nguzo ni kesi ya Pratibha Rani ya 1985: Mahakama ya Juu ilisema mume au wakwe wanaoitunza wameshika amana tu, na wakiidhulumu wanaweza kushtakiwa kwa jinai. Mwaka 2024 mahakama hiyohiyo ikasisitiza kwamba mume akiitumia wakati wa shida, lazima airudishe. Hilo lilimfariji mno dada, maana bangili zake ziliuzwa kulipa deni la duka.

Ugumu ni ushahidi. Shemeji alikana kila kitu mpaka tulipotoa risiti za sonara na picha za harusi. Mkufu na vipuli vimerudi, kwa maandishi. Bangili bado tunazidai. Zawadi alizopewa bwana harusi mwenyewe hatuzigusi, ni zake.