Kikao cha mirathi ya baba yangu mzazi, nimeandikwa MWALIKWA, tena chini ya jamaa wa viti!!!

KifunguaMimba

Wakuu, sina salamu leo. Salamu nitawapa nikitulia.

Yule mzee mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila ukoo unaye wake: hakuwahi kumletea marehemu hata panadol, lakini msiba ukitokea ndiye anayemnyang'anya mchungaji kipaza sauti. Ana faili la plastiki la bluu analitembeza kwapani tangu enzi za Mwinyi. Niliwahi kulichungulia hilo faili. Ndani kuna risiti ya mbolea na kalenda ya benki. Basi. Lakini akilifungua, ukoo mzima unanyamaza kama ameshuka na amri kumi.

Leo tulikaa kikao cha ukoo kumteua msimamizi wa mirathi. Yeye akajipa ukatibu, hakuna aliyempigia kura. Kaandika, kaandika, ulimi nje. Mwisho akapitisha muhtasari tusaini.

WAJUMBE. Namba moja yeye. Halafu wadogo zangu wa kiume. Halafu binamu ambao baba alikuwa hawajui kwa majina. Halafu mtoto wa mdogo wangu, yuko darasa la tatu, alikuwa ananyonya pipi na kuichungulia kama bado ina rangi. Huyo MJUMBE wa kikao cha mirathi.

Nikatafuta jina langu. Halipo. Nikageuza karatasi.

WAALIKWA. Mwenyekiti wa kitongoji. Jirani. Jamaa aliyeleta viti. Mimi.

Jamaa wa viti wakuu! Kaandikwa kwa kalamu! Mimi mtoto wa kwanza wa marehemu, niliyelala naye hospitali, nimeandikwa chini yake kwa PENSELI!

Nikauliza kwa adabu zote, baba mdogo, hii imekaaje? Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema mbele ya watu wote: "Mwanangu, wewe ni wa huko ulikoolewa. Hapa tumekualika kwa heshima tu. Saini hapo chini ya viti."

SAINI HAPO CHINI YA VITI.

Na mimi SIJAOLEWA!! Nimeolewa na nani? Mahari alikula nani? Kama kuna mume wangu huko ajitokeze basi, niko na shida ya bomba jikoni.

Halafu akahitimisha kwamba marehemu aliacha wosia wa mdomo, alimwachia yeye asimamie nyumba na shamba. Nikamuuliza mashahidi ni nani. Akasema yeye, marehemu, nesi wa zamu, na Mungu.

Natetemeka mpaka sasa. Chini ya viti jamani.

---

Mzee wa Busati

Nimekaa paleee, natafuna karanga. Endelea mama.

Chumvi ya Mawe

Uzi bila picha ni uzushi. Weka picha ya hiyo karatasi.

KifunguaMimba

Kaiweka kwenye faili la bluu. Iko na risiti ya mbolea.

Hakimu wa Kijiweni

Pole mleta mada. Twende kisheria kidogo. Wosia wa mdomo kwa utaratibu wa kimila unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, walioshuhudia kwa pamoja. Marehemu hawezi kuwa shahidi wa wosia wake mwenyewe. Na Mungu hajawahi kuapishwa mahakama yoyote hapa nchini. Anabaki yeye na nesi, na nesi sidhani kama anajua kuwa ni shahidi.

Swali la msingi: marehemu aliishi maisha gani? Mkristo, Muislamu, au mnafuata mila? Sheria ya mirathi hapa Tanzania haiko moja.

KifunguaMimba

Mkristo. Mzee wa kanisa. Kaimba kwaya mpaka sauti ikakauka. Na huyo katibu wa kujichagua alikuwa anasinzia kwenye ibada ya mazishi, nilimwona.

Hakimu wa Kijiweni

Hapo ndipo penye ufa. Mkristo aliyeishi kikristo anaangukia ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, ya 1865, tunayo mpaka leo. Kwa hiyo sheria akiacha mjane na watoto, mjane ana theluthi moja na theluthi mbili ni za watoto, wa kike na wa kiume sawasawa. Muislamu angekuwa na mafungu yake, mjane mwenye watoto thumuni, na wosia usizidi theluthi.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya kiislamu. Huyo mzee nakuhakikishia atakimbilia Mwanzo aseme marehemu alikuwa mtu wa mila, ili awachomolee lile Tangazo la Sheria za Mila la 1963, GN 436 (yaani Tangazo la Serikali namba 436). Mle ndani mtoto wa kike yuko daraja la tatu, na ardhi ya ukoo anaitumia maisha yake yote lakini hauzi. Mjane ndio kabisa, akiwa na watoto hana fungu, anatunzwa na wanawe.

KifunguaMimba

Daraja la tatu!! Angalau hilo ni daraja. Mimi niko chini ya viti!

Bi Tausi wa Pili

Mwanangu usilie, mimi nilitolewa nyumbani kwa marehemu mume wangu na shemeji aliyekuja kukopa baiskeli. Hiyo GN imepigiwa kelele miaka yote. Mwaka 2015 Kamati ya CEDAW ya Umoja wa Mataifa, ile ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, iliiambia Tanzania, kwenye shauri la wajane wawili, kwamba hayo mambo ni ubaguzi. Kwani kuna aliyesikia? Mashemeji hawasomi mambo ya Umoja wa Mataifa.

Ngoma Nzito

Wanawake mmezidi. Mila ni mila. Ukirithi shamba ukaolewa si linaenda kwa ukoo mwingine?

KifunguaMimba

Wewe ndiye yeye. Vua miwani tukuone.

Hakimu wa Kijiweni

Ngoma Nzito, hoja yako ilishapelekwa mahakamani na ikashindwa. Mwanza, Mahakama Kuu, Jaji Mwalusanya, kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Mama karithi shamba kwa baba yake kwa wosia, kaliuza, ndugu yake akashtaki kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji akasema Katiba inakataza ubaguzi, mwanamke anauza kama mwanaume anavyouza. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili.

Ngoma Nzito

Huyo jaji hana shamba.

Mpangaji Sugu

Hahahaa nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga ukuta. "Saini hapo chini ya viti" naichapisha kwenye fulana.

Chumvi ya Mawe

Hii ni chai. Nani anamwandika mtoto wa darasa la tatu kwenye muhtasari? Tusubiri upande wa pili.

KifunguaMimba

Upande wa pili ni yeye na kalenda ya benki, msubiri. Na huyo mtoto alisaini!! Kaandika jina lake lote kwa herufi kubwa na akachora ua pembeni. UA. Kwenye karatasi ya kwenda mahakamani. Mimi nakabidhiwa penseli.

Msomi Asiye na Joho

Mleta mada, punguza presha kidogo. Muhtasari wa kikao cha ukoo sheria haiulazimishi, ni mazoea tu. Karani ataudai kwa sababu amezoea kuudai, lakini mwenye maslahi anaomba usimamizi hata kama ukoo wote umenuna. Huyo mzee akiwahi kufungua, mahakama itatoa tangazo, nawe unapeleka pingamizi. Unasema wosia hauna mashahidi, marehemu alikuwa mkristo, na warithi wameachwa nje.

Na hata akiteuliwa, msimamizi si mrithi. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anatoka. Mahakama ya Mwanzo inamtaka ndani ya miezi minne ajaze fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni, halafu hesabu kwenye fomu namba 6 kwa vipindi itakavyompangia. Wengi wanadhani ile barua ya usimamizi ni hati ya nyumba, wanahamia na magodoro.

Bi Tausi wa Pili

Yule wangu alihamia na baiskeli.

Viti na Maturubai

Samahani wakuu, mimi kazi yangu ni kukodisha viti. Sio wa msiba huo. Lakini nimesoma uzi huu na moyo unaniuma, jamaa wa viti ametajwa kama mhalifu. Sisi kwenye misiba tunaitwa "kaka", "mwanafamilia", halafu siku ya kulipwa hakuna anayepokea simu. Kiti kikivunjwa na mjomba mnene, mjomba hajulikani. Mpaka leo kuna ukoo nawadai. Tena na wao kila nikienda wapo kwenye kikao cha mirathi.

Msomi Asiye na Joho

Mkuu, wewe una haki kuliko unavyodhani. Gharama za mazishi zinatoka kwenye mali ya marehemu mwanzo kabisa, kabla ya madeni mengine, kabla ya mrithi yeyote kugusa kitu. Peleka madai yako kwa msimamizi kwa maandishi.

KifunguaMimba

SUBIRI. Kwa hiyo jamaa wa viti analipwa KABLA YANGU??

Msomi Asiye na Joho

Kisheria, ndiyo.

Mzee wa Busati

Karanga zimeniingia puani.

Mpangaji Sugu

Kumbe yule mzee alipanga orodha kwa kufuata sheria hahahaaa. Mheshimu baba yako mdogo.

KifunguaMimba

Mpangaji nakuombea mwenye nyumba wako afe bila wosia, urithiwe na watoto tisa wanaogombana.

Mpangaji Sugu

Mbona ndivyo ilivyo sasa! Mzee alifariki, sasa hivi kila mwisho wa mwezi wanakuja watatu tofauti kudai kodi, kila mmoja anasema ndiye msimamizi. Wa kwanza ana mhuri, wa pili ana picha ya marehemu, wa tatu ana panga. Nimemlipa wa panga.

Hakimu wa Kijiweni

Omba kila mmoja aonyeshe barua ya usimamizi ya mahakama. Asiye nayo usimpe kitu.

Mpangaji Sugu

Wewe njoo umwombe huyo wa panga.

Dada wa Hesabu

Afadhali nyie mnagombana na marehemu. Mimi mume wangu yuko hai, mzima wa afya, kachukua mkopo na kuweka rehani nyumba tunayoishi. Nimejua juzi walipokuja watu kupima madirisha.

Hakimu wa Kijiweni

Dada, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Ulisaini popote?

Dada wa Hesabu

Kuna karatasi ina sahihi yangu. Nzuri kuliko ninavyosaini mimi.

Ngoma Nzito

Na sisi wanaume tuanzishe uzi wetu, maana hapa tunachinjwa.

Zamu ya Usiku

Kwa kuwa tuko kwenye misiba: mimi bosi wangu mnamjua, simtaji. Nimefiwa na mama. Nimeomba ruhusa. Kanijibu kwa WhatsApp: "Pole sana. Nani atakaa getini?" Nikaenda kuzika. Nimerudi nakuta meseji nyingine, "Usirudi, nafasi imejazwa." Kaweka na ua la pole mwishoni.

Bi Tausi wa Pili

Ua tena! Maua yamekuwa mengi kwenye uzi huu.

Msomi Asiye na Joho

Zamu ya Usiku, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku 4 za likizo yenye malipo ukifiwa na mzazi. Na mtu hafukuzwi kwa meseji. Lazima kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki, usikilizwe kwanza. Lini hiyo meseji?

Zamu ya Usiku

Inakaribia mwezi. Nilikuwa namsubiri atulie.

Msomi Asiye na Joho

Usimsubiri mtu! Kwenye kuachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tu kupeleka mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zikipita unaanza kuomba kuongezewa muda na uwe na sababu ya maana. "Nilikuwa namsubiri atulie" siyo sababu.

Kikokotoo Kimeniua

Na likizo je? Mimi nina mwaka wa pili sijaenda. Nikiuliza naambiwa kampuni ni familia.

Chumvi ya Mawe

Siku 28 mfululizo kwa mwaka, hilo hata mimi najua. Familia zenyewe mnaziona humu zinavyofanyiana.

Kikokotoo Kimeniua

Halafu sisi wa mafao ya kustaafu nani atatusemea? Fungueni uzi wa kikokotoo basi.

KifunguaMimba

Wakuu, nimempigia mdogo wangu, anasema mzee kishaenda stendi na faili, kesho asubuhi anawahi mahakamani. Nifanyeje?

Ngoma Nzito

Kikokotoo, uzi wa mafao uko ule pale chini, una kurasa kibao.

Zamu ya Usiku

Nimehesabu, zimebaki chache. Huko CMA naanza na nini?

Msomi Asiye na Joho

Unajaza fomu CMA F1. Mpe mwajiri nakala yake kwanza, halafu unapeleka CMA na uthibitisho kwamba kaipokea. Akigoma kusaini, itume kwa njia ambayo itaacha ushahidi.

Zamu ya Usiku

Hawezi kusaini huyo. Kalamu zote za pale getini kazifungia ndani.

Dada wa Hesabu

Na zile meseji zake zipige picha sasa hivi, kabla hajafuta.