Ovid kwa Kiingereza cha kishairi: nishike tafsiri ipi nitunge utenzi?

Mwl_Majengo (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ya ushairi hapa shuleni inataka utenzi wa Baucis na Philemon kwa ajili ya mahafali. Ni ile ya Ovid, mshairi wa Roma ya kale, katika Metamorphoses, kitabu cha 8: miungu Jupiter na Mercury wanajifanya wasafiri, kila nyumba inawafungia mlango, isipokuwa kibanda cha wazee wawili maskini. Kilatini sijui hata salamu. Ninacho kitabu cha tafsiri ya Ted Hughes cha 1997, nilikiokota kwenye meza ya mitumba karibu na stendi. Kiingereza chake kinakata kama panga jipya, ila nimepekua mwanzo mwisho, wazee hawamo! Mtandaoni nimekuta tafsiri za zamani za Golding na Dryden, wote wana vina. Nishike yupi? Bajeti ni ya mwalimu, mnaijua.

Mzee_wa_Sakina
Mwalimu, Hughes alichagua hadithi 24 tu, hao hutawapata humo. Golding (1567) ndiye aliyesomwa na Shakespeare mwenyewe. Mstari wake una silabi 14, kwa hiyo ukizoea shairi letu la mizani 16 utamsikia vizuri, lakini Kiingereza chake vijana watakikimbia. Dryden ni mtamu, aliingizwa kwenye mkusanyo wa tafsiri za Ovid uliohaririwa na Garth mwaka 1717, tena ni bure. Tatizo ni vina: akikosa neno la kutosheleza anaongeza chumvi, na wewe ukitunga utaongeza yako. Mwisho wa siku Ovid atabaki jina tu. Chukua tafsiri isiyo na vina. Brookes More, Mmarekani, 1922, ipo bure mtandaoni. Ukipata hela, Raeburn wa 2004.

Binti_Kibosho
Naongezea Stephanie McCarter, 2022, mizani 10 bila vina. Shikamoo Mzee, ila hapo umemruka mwanamke. Watafsiri wengi wa zamani, msichana akibakwa na mungu, wanapamba maneno mpaka unadhani ni harusi. Huyu anasema kubaka ni kubaka. Kwa wazee wa Mwalimu haina shida, ila wanafunzi wakipenda wataomba hadithi ya Daphne, msichana anayekimbizwa na mungu Apollo, mwakani, na hapo utamhitaji.

Mzee_wa_Sakina
Marahaba binti. Hapo sibishi.

Mwl_Majengo (Moshi)
Ahsanteni sana. Nimemshusha More usiku huohuo. Kilichonikamata si miungu, ni meza! Mguu mmoja mfupi, bibi anausawazisha kwa kigae cha chungu. Nimejaribu:

Meza ikatingishika
Bibi kigae kashika
Chini ya guu kaweka
Ikatulia sawia

Semeni ukweli.

Binti_Kibosho
Mizani imekaa. Ila mbona umeruka mnanaa? Baada ya kigae anaifuta meza kwa majani mabichi ya mnanaa, ndipo chakula kinawekwa. Wageni wanakaribishwa kwa harufu kwanza.

Mzee_wa_Sakina
Na bata bukini msimsahau. Wanaye mmoja tu, ndiye mlinzi wa nyumba, wanataka kumchinja kwa ajili ya wageni. Anawatoroka wazee mpaka pumzi inawaishia, halafu anakwenda kujificha kwa miungu wenyewe, nao wanakataza asichinjwe. Mpe beti tatu nzima, Mwalimu, na atafutwe kijana mwepesi wa kumwigiza. Mgeni rasmi atasinzia kwenye gharika inayowaadhibu majirani, kwa bata hasinzii.