Kung'oa bure, kuziba kwa laki: jino la mnyonge halina tiba nyengine?

Mvuvi_wa_Mkoani: Assalaam alaykum wanabaraza. Mke wangu gego lilimuuma wiki nzima, nikampeleka hospitali ya serikali. Tabibu akalitazama kwa kioo, akasema hili bado linazibika, lakini vifaa vya kuziba vimekwisha, mkitaka tuling'oe leo hii. Mjini, kliniki ya binafsi, wakanambia kutibu mzizi laki mbili, na kofia ya jino hesabu nyengine. Mke wangu bado kijana. Kwa nini mwenye pesa aokolewe jino na sisi tung'olewe?

Mtoto_wa_Ng'ambo: Tatizo si bei, kaka. Watu hawendi kwa daktari mpaka shavu livimbe. Na nyinyi Wapemba ndio wenye karafuu, daktari wa meno mwenyewe anatumia mafuta yake, halafu mnakuja kulia mjini. Bana karafuu moja kwenye jino, ulale.

Binti_Wete: "Nyinyi Wapemba" imeingiaje hapa? Mtu kauliza bei ya kuziba jino, wewe unamtajia kabila! Bibi yangu alisikiliza maneno kama hayo yako, akapaka mafuta ya karafuu matupu. Fizi ikababuka, ikatoka ngozi, siku kadhaa hata uji vuguvugu hawezi kuunywa. Na jino lilikuwa vilevile.

Mtoto_wa_Ng'ambo: Dada, sijamtukana mtu. Mama yangu mzazi ni mtu wa Chake, Pemba hukohuko. Nimesema karafuu ni dawa, na ni dawa.

Tabibu_Meno: Niingie kidogo, kazi yangu hii. Karafuu ina eujenoli, inafisha maumivu kwa muda. Sisi tunaichanganya na unga wa zinki tukapata kiziba cha muda. Lakini uozo ukishafika kwenye mshipa wa jino, karafuu haiutoi. Kwa bei: kung'oa kunataka sindano ya ganzi na koleo, basi. Kutibu mzizi kunataka eksirei, visindano vya kusafishia njia za mzizi, na mgonjwa kurudi kitini mara mbili au tatu. Kiti, kompresa, vifaa vyote vinaagizwa nje. Linaloniuma mimi ni hili: upo uzibaji wa mkono, hautaki umeme wala mashine. Unachokoa uozo kwa kijiko kidogo, unajaza saruji ya ionoma. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980! Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi. Shimo likiwa dogo, jino linaokolewa hata chini ya mwembe wa skuli.

Mzee_wa_Kikwajuni: Wanangu, baada ya Mapinduzi tuliambiwa matibabu bure na tukatibiwa bure. Siku hizo mtu alipiga mswaki wa mti na meno yake alizikwa nayo.

Binti_Wete: Mzee wangu, shikamoo. Babu yangu naye alikuwa na mswaki wa mti, na alizikwa na meno matatu. Turudi kwa huyu wa Ng'ambo. Anajua mchumaji anapata nini? Anapanda mkarafuu tangu alfajiri, usiku anachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Makonyo yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Mafuta yanauzwa nje, mchumaji gego lake halina wa kulitazama.

Mtoto_wa_Ng'ambo: Sasa hapo tumekubaliana, kwa nini unanigombeza?

Binti_Wete: Kwa sababu umesema tunalia.

Mwalimu_Bububu: Jamani, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima yetu ya matibabu, ulianza 2023 na sisi watumishi wa umma. Mshahara wangu unakatwa, kadi ninayo. Mvuvi nani amkate? Hapo ndipo pa kuzungumza.

Mvuvi_wa_Mkoani: Mwalimu umesema. Mimi niko tayari kukatwa. Wenye karafuu wakatwe palepale kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na sisi wavuvi tukatwe dikoni samaki wakinadiwa. Kila mtu apate kadi.

Mtoto_wa_Ng'ambo: Ukate kwenye mizani? Utaona karafuu zinavyopanda ngalawa usiku kwenda Mombasa. Hatujamaliza magendo, wewe unayaongezea sababu.

Binti_Wete: Tena Wapemba wezi?

Mtoto_wa_Ng'ambo: Dada, magendo ya karafuu yanajulikana na serikali nzima!

Mwalimu_Bububu: Muacheni. Suali langu kwa Mvuvi: mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu ukiwa mbovu, mizani haina kitu, kadi ya mchumaji italipiwa na nani?

Mvuvi_wa_Mkoani: Serikali imlipie mwaka ule. Miaka yote karafuu zake zimeilipa hiyo serikali.